Yu-Gi-Oh! na tafsiri iliyoogopa kifo

Neno ‘karata’ lina ndugu yake Japani. Wareno waliofika Pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15 walituachia neno hilo kutoka ‘carta’ yao, wakatuachia pia kopa, shupaza, uru na pau, pamoja na turufu inayowapandisha watu mori barazani. Mabaharia wa taifa hilohilo walipotia nanga Japani katika karne ya 16, Wajapani nao walilichukua neno, wakalitamka ‘karuta’. Mswahili na Mjapani hawakukaa mkeka mmoja wakagawana karata, ila jina walilipokea kwa mtu yuleyule.

Nimeanza na neno hili kwa kuwa leo ninataka tuizungumzie hadithi ya karata kutoka huko Japani. Najua baadhi ya wasomaji wa safu hii watakunja uso. Wamezoea kunikuta nikizozana na wanaovuruga ngeli, au nikichambua utendi. Leo profesa mzima anatuletea vibonzo? Ndiyo, vibonzo. Hadithi hii, iitwayo Yu-Gi-Oh!, ni sehemu ya malezi ya vijana wengi wanaoketi katika kumbi zetu za mihadhara, na wengi wao waliipokea kwa Kiingereza cha Marekani. Hoja yangu ni kwamba walichokipokea ni hadithi iliyonyofolewa moyo wake. Sisi tunaojiita watu wa lugha tuna la kujifunza hapo, kabla hatujaanza kuwatafsiria watoto wetu hadithi za ulimwengu kwa Kiswahili.

Kwanza tuweke msingi. Yu-Gi-Oh! ilianza kama manga. (Neno hili lisimbabaishe mzee wa Pwani anayeijua Manga kuwa ni Uarabuni, kulikotoka jina la pilipili manga. Manga ya Wajapani ni hadithi inayosimuliwa kwa michoro.) Mtunzi wake ni Kazuki Takahashi, aliyezaliwa mwaka wa 1961, na ilichapishwa katika jarida la kila wiki la Shonen Jump kuanzia mwaka wa 1996 hadi 2004. Jina lenyewe maana yake ni Mfalme wa Michezo. Mwanzoni kila sura ilikuwa na mchezo wake, na mchezo wa kadi ulikuwa mmoja tu kati ya mingi. Wasomaji wakaupenda, mtunzi akaurudia, mwishowe ukaimeza hadithi nzima. Toleo la uhuishaji ninalolizungumzia hapa, liitwalo Duel Monsters, lilionyeshwa na TV Tokyo kuanzia Aprili 2000 hadi Septemba 2004, jumla ya vipindi 224. Kufikia Septemba 2001 kampuni ya 4Kids Entertainment ilikuwa imeanza kulionyesha Marekani kwa Kiingereza.

Kisa ni hiki. Yugi Muto ni mvulana mfupi, mpole, mjukuu wa mzee mwenye duka la michezo. Anafaulu kuunganisha vipande vya chemshabongo ya dhahabu iliyotoka Misri, na kwa kufanya hivyo anaiamsha roho ya Farao wa kale iliyofungiwa humo. Roho hiyo inaingia mwilini mwake, na kila mambo yanapokuwa magumu yeye ndiye anayeketi mezani kucheza. Farao huyu ana tatizo moja kubwa: amesahau jina lake. Upande wa pili yuko Seto Kaiba, kijana tajiri anayeongoza kampuni, mwenye tamaa ya kumiliki kila nakala ya kadi ya Joka Jeupe la Macho ya Samawati. Zipo nne pekee duniani, na moja anayo babu yake Yugi. Katika kipindi cha kwanza Kaiba anamshinda mzee, anaitwaa kadi yake na kuirarua mbele ya macho yake, ili isije ikatumiwa dhidi yake. Katika manga mambo ni mabaya zaidi: Kaiba anaibadilisha kadi kijanjajanja na kuacha nakala bandia. Mswahili akisikia ‘Kaiba’ hahitaji kufasiriwa. Naam, kaiba!

Wenzangu kadhaa chuoni wameniambia kwamba ninapoteza wakati, kwa kuwa kazi hii ni tangazo refu la biashara. Sikatai kwamba biashara imo. Konami ilianza kuuza kadi halisi za mchezo huu Japani mnamo Februari 1999, na kufikia mwaka wa 2009 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliutambua kuwa mchezo wa kadi uliouza kuliko yote ya aina yake, kadi zaidi ya bilioni 22. Nimeona vijana wakitoa nauli ya wiki nzima kununua pakiti moja. Lakini asili ya pesa haituambii thamani ya kazi. Tendi ngapi zetu zilitungwa kwa kuagizwa na mabwana waliolipa? Swali la mhakiki ni moja: mtunzi alipopewa mchezo wa kadi, aliufanyia nini?

Jambo la kwanza alilofanya ni kuufanya mchezo kuwa usemi. Mtu asiyeijua kazi hii akiketi kuitazama, atashangazwa na wingi wa maneno. Mchezaji haweki kadi kimyakimya. Anaitaja jina, anaeleza uwezo wake, anamkejeli mpinzani, anajigamba. Mpinzani naye anacheka: ulidhani umeninasa, kumbe mtego ulikuwa wangu. Kadi zilizofunikwa mezani ni mafumbo, na mchezo mzima ni kulifumbua la mwenzako kabla yeye hajalifumbua lako.

Kwa mzoefu wa fasihi yetu, hilo si geni hata kidogo. Ni malumbano. Ni yale yaliyofanywa na kina Muyaka bin Haji pale Mombasa, miji ilipotumiana mashairi kama watu wanaorushiana mikuki, kila beti likibeba fumbo, na aliyeshindwa kulijibu akaaibika yeye na mji wake. Japani nako neno na karata vimeshikana tangu zamani. Ipo karuta inayochezwa kwa mashairi mia moja yaliyokusanywa na Fujiwara no Teika katika karne ya 13. Msomaji huanza kughani shairi, na wachezaji hushindana kuinyakua kadi iliyobeba sehemu yake ya mwisho. Mshindi ni yule aliyehifadhi mashairi moyoni. Kwa hiyo Takahashi anapowafanya wahusika wake wapigane kwa kusema, hakuokota jambo hilo barabarani.

La pili ni majina. Wanafunzi wetu wa sekondari wanajua maana ya majazi. Wakisoma Kigogo cha Pauline Kea wanaeleza bila kusita kwa nini mtawala dhalimu anaitwa Majoka. Basi wasikilize hili. Jina Yugi maana yake ni mchezo. Rafiki yake mkubwa, kijana mkorofi aliyewahi kumwonea, anaitwa Jonouchi. Chukua silabi ya kwanza ya Yugi na ya kwanza ya Jonouchi, uzitamke kwa kuvuta irabu kama wanavyofanya wenyewe, utapata ‘yujo’, neno la Kijapani la urafiki. Urafiki huo umefichwa ndani ya majina ya watu wawili, na haukamiliki mmoja wao akikosekana. Babu naye anaitwa Sugoroku, jina la mchezo wa jadi wa ubaoni. Ukoo mzima umebatizwa kwa michezo.

Kwenye toleo la Kiingereza Jonouchi akawa Joey Wheeler, akapewa lafudhi ya mitaa ya New York. Anzu akawa Téa, Honda akawa Tristan. Joey ni mhusika wa kupendeza, wala simchukii. Ila ‘yujo’ imekufa. Mtazamaji anaambiwa na wahusika, kipindi baada ya kipindi, kwamba urafiki ni kitu kikubwa, mpaka anachoka kuambiwa. Mtazamaji wa Kijapani hakuhitaji mahubiri yote hayo kwa kuwa urafiki alikuwa akiusikia kila majina hayo mawili yalipoitwa pamoja.

Hata hivyo, majina si hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa ni ya kifo.

Yu-Gi-Oh!, ukiitazama kutoka mwanzo hadi mwisho, ni hadithi inayouliza swali moja: walio hai wawafanyie nini wafu wao? Mwangalie Pegasus, tajiri aliyeubuni mchezo huu, ambaye katika sehemu ya kwanza ndiye adui mkuu. Anaandaa mashindano kisiwani, anaziteka roho za watu, anataka kuinyakua kampuni ya Kaiba. Kwa nini? Kwa sababu mwanamke aliyempenda alifariki wangali vijana, na teknolojia ya Kaiba ya kuyapa madubwana ya kadi umbo la kuonekana inampa matumaini ya kumwona tena. Uovu wake wote ni matanga yaliyokataa kuanuliwa.

Katika mashindano hayohayo kuna tukio ambalo ningeliweka mbele ya darasa lolote la fasihi. Kaiba, ambaye mdogo wake ametekwa roho na Pegasus, lazima amshinde Yugi ili aruhusiwe kuingia ngomeni kumwokoa. Anaitoa silaha yake kubwa, majoka matatu yaliyounganishwa kuwa moja lenye vichwa vitatu. Yugi anajikinga kwa Kuriboh, kiumbe kidogo cha manyoya chenye nguvu 300 tu, ambacho kinazaana upesi mpaka kinakuwa ukuta. Kisha analiunganisha joka lile na mfupa wa mnyama mfu, nalo linaanza kuoza kutoka ndani. Kaiba ameshindwa. Hapo anapanda kwenye ukingo wa ukuta wa ngome na kumwambia mpinzani: ukishambulia, kishindo kitaniangusha. Farao, ambaye kwake mchezo ni vita, anataka kushambulia. Yugi, mwenye mwili, anamzuia kwa nguvu zake zote. Mchezo unapotea. Ushindi wa hesabu unakataliwa kwa kuwa bei yake ni maisha ya mtu. Ondoa kifo kwenye tukio hili na hakuna kinachobaki ila watoto wanaobishana juu ya kadi.

Mwisho wa hadithi nao uko vivyo hivyo. Jina la Farao linapatikana: ni Atem. Lakini kulipata jina ni kupata pia ruhusa ya kuondoka. Ili roho yake ipumzike, lazima mtu amshinde katika pambano la mwisho, na mtu huyo ni Yugi mwenyewe. Yaani mvulana anapaswa kumshinda rafiki yake mkubwa ili amzike. Katikati ya pambano Farao anatumia kadi maarufu kuliko nyingi katika mchezo huo, ile inayorudisha viumbe kutoka makaburini. Yugi alikwisha kuibashiri hatua hiyo, na ndani ya sanduku la dhahabu mezani alikuwa ameifungia kadi iyo hiyo. Sanduku linafunguliwa, ufufuo unabatilika.

Sasa sikiliza jina la kadi. Kwa Kijapani inaitwa Shisha Sosei, yaani kufufua wafu. Yugi anapoifungia ndani ya sanduku, anamwambia Atem jambo ambalo hakuna njia ya upole zaidi ya kulisema: roho ya mfu haifai kubaki katika ulimwengu wa walio hai. Kadi yenyewe ndiyo hotuba. Vipindi zaidi ya 200, kadi hii ilikuwa msaada na furaha kila ilipochezwa, na katika kipindi cha mwisho inageuka kuwa kitu kinachopaswa kukataliwa kwa mapenzi.

Kwa Kiingereza kadi hiyo inaitwa Monster Reborn, dubwana lililozaliwa upya. Wafu wametoweka. Mtoto aliyetazama kwa Kiingereza anaona hila nzuri ya mchezo. Yule wa Kijapani ameona mazishi.

Msomaji anaweza kusema kwamba hilo ni neno moja tu, bahati mbaya. Sivyo. Lilikuwa sehemu ya mpango mpana. Watafsiri wa Marekani waliamua kwamba watoto wao wasisikie habari za kufa. Penye bastola, bastola ilifutwa, wakabaki walinzi wanaonyoosheana vidole, jambo lililogeuka kichekesho kwa mashabiki. Kuna pambano ambamo wachezaji wamefungwa miguu huku misumeno ya mviringo ikiwasogelea. Misumeno ilichorwa upya ikawa visahani vya nuru ya kiza, na wachezaji wakaambiwa wakiguswa watapelekwa Shadow Realm, Ulimwengu wa Vivuli. Mahali hapo, kama jela ya roho ambamo kila aliyeshindwa hutupwa, palibuniwa na watafsiri. Hata maandishi ya kwenye kadi yalifutwa kwenye picha, kadi zikabaki bubu, katika kazi ambayo shujaa wake ni maneno.

Kwa haki, Wajapani wenyewe waliwahi kulainisha. Katika manga Pegasus anauawa. Katika uhuishaji wa Kijapani ananusurika. Kila anayewasimulia watoto hupima. Nami ningekuwa wa mwisho kudai kwamba mtoto wa miaka saba aonyeshwe damu ili tujisifu kwamba tumekuwa waaminifu kwa matini asilia.

Lakini fasihi na lugha yetu zimetupa dhana inayotufaa hapa, nayo ni tasfida. Kiswahili kina adabu ya kifo. Hatusemi fulani kafa mbele ya wafiwa. Tunasema amefariki, yaani ametengana nasi. Tunasema ameaga dunia, ameipa dunia kisogo, amekwenda jongomeo. Maneno haya yanaupunguza ukali wa habari, ila hayaigeuzi habari. Anayeaga ameondoka. Jongomeo hakuna aliyewahi kurudi akasimulia. Tasfida ni kitambaa kinachofunika uso wa maiti: hukioni kidonda, lakini unajua aliyelala hapo ni nani na kwamba haamki.

Ulimwengu wa Vivuli si tasfida, kwa kuwa watu hurudi kutoka huko. Anatupwa leo, baada ya vipindi kumi yuko mezani anacheka. Hiyo ni habari nyingine kabisa, na ni ya uongo.

Nina mjukuu aliyekuwa na miaka minane tulipompoteza nyanya yake. Jamaa waliokuja kutufariji, kwa nia njema kabisa, walimwambia kwamba Nyanya amesafiri, kwamba amelala, kwamba yuko mahali fulani anapumzika. Miezi miwili baadaye, tukiwa tumeketi sebuleni yeye na mimi, huku kipindi hiki kikiendelea kwa Kiingereza, aliniuliza: “Babu, huyu alipelekwa kwa vivuli na amerudi. Mbona Nyanya harudi?” Nilizima televisheni nikamwambia kwamba Nyanya alikufa, na mtu akifa harudi, na kwamba hata mimi sipendi iwe hivyo. Alilia, nami nikalia naye. Kisha akauliza kama anaweza kukaa na leso yake. Watu wazima hudhani swali la mtoto huanza siku wanapomjibu. Swali huwa lilikuwepo siku zote. Jibu la uongo humwacha nalo peke yake.

Wazee wetu hawakuwaficha watoto. Fumo Liyongo, katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, mtoto aliyehongwa ahadi za ukuu. Anakwenda kufia kisimani akiwa amepiga goti na mshale upindeni, na watu wanakaa siku kadhaa bila maji kwa kumwogopa mfu. Kisa hiki kimesimuliwa mbele ya watoto wa Pwani kwa vizazi na hakuna aliyekilainisha, maana ukikilainisha, usaliti wa mwana haueleweki.

Isije ikaonekana kwamba napinga kila tafsiri inayojitwalia uhuru. Hapana. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice, aliiita Mabepari wa Venisi. Neno ‘mabepari’ halikuwa kwa Shakespeare, ni la Nyerere na siasa ya zama zake. Lakini ratili ya nyama aliiacha palepale ilipokuwa, kifuani mwa mdaiwa. Vivyo hivyo tunao wasimulizi wa filamu: marehemu Lufufu kule Tanzania, na DJ Afro hapa kwetu, ambaye sauti yake imejaza vibanda vya video mitaani kote. Hawa huongeza utani, humpa shujaa wa Kihindi jina la mtaani, huzua maneno ambayo mwigizaji hakuyasema. Ila bunduki ikilia, DJ Afro hatakwambia jamaa ametumwa likizo. Utacheka anavyolisema, lakini utajua kwamba jamaa amekwisha.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Mtafsiri anaweza kubadili nguo za hadithi, lafudhi yake, utani wake, hata jina lake. Asiliguse swali ambalo hadithi imekuja kuliuliza.

Kuna kufutwa kwingine ambako kunatuhusu Waafrika moja kwa moja. Kadi tatu kuu katika hadithi hii ni za miungu. Mmoja ni Ra. Wa pili ni Obeliski, ingawa hapo mtunzi kachanganya kidogo, kwa maana obeliski ni mnara wa jiwe. Wa tatu, joka jekundu la angani, kwa Kijapani ni Osiris, mungu wa wafu wa Misri ya kale, yule aliyeuawa, akakatwakatwa na kukusanywa na mkewe Isis. Katika hadithi inayohusu wafu, je, kuna jina lililostahili zaidi? Na ndilo joka ambalo Atem anajaribu kulifufua katika pambano la mwisho. Kwa Kiingereza Osiris aliitwa Slifer, kwa heshima ya Roger Slifer, mmoja wa watayarishaji wa 4Kids. Hebu tafakari. Mungu wa kale wa Afrika anapita Tokyo akiwa na jina lake, anafika Marekani anavuliwa, anavishwa jina la mfanyakazi wa kampuni, kisha anarudishwa Afrika mtoto wetu amshangilie asijue kwamba ni wa bara lake.

Takahashi naye ana lawama zake. Misri yake ni Misri ya makaburi. Wamisri wa leo anaotuonyesha, ukoo wa Ishtar, wameishi chini ya ardhi wakilinda kaburi la Farao, na kijana wao Marik amechanjwa mgongoni maandishi ya siri angali mtoto. Ni picha yenye nguvu, mwili wa mtu uliofanywa kitabu, na hasira ya Marik inaeleweka. Lakini hatuoni soko, shule wala mtu anayekunywa chai Kairo. Jina Ishtar lenyewe ni la mungu wa kike wa Mesopotamia. Wanawake nao wanapewa viti vya watazamaji: Mai anacheza vizuri, kisha hadithi inamshinda kila inapomhitaji Jonouchi aonekane jasiri, na Anzu kazi yake ni kutia moyo. Kanuni za mchezo katika sehemu ya kwanza hubadilika mtunzi anapokwama. Kuna pambano ambamo Yugi anaishambulia kadi ya mwezi ili maji ya bahari yapwe! Baada ya kadi halisi kuenea madukani kanuni zikatulia, lakini kuanzia hapo baadhi ya mapambano yanasomeka kama maelezo ya bidhaa. Katika vipindi 224, vipo vingi ambavyo ningevikata bila huzuni.

Pamoja na hayo, kazi hii inasimama kwa sababu inajua inazungumzia nini. Takahashi mwenyewe alifariki Julai 2022, akiwa na umri wa miaka 60, katika bahari ya Okinawa. Taarifa zilizotolewa miezi kadhaa baadaye zilieleza kwamba alikuwa ameingia majini kujaribu kuwasaidia watu waliokuwa wamechukuliwa na mkondo. Mashabiki waliosoma habari hiyo walimkumbuka Jonouchi, anayejitosa baharini usiku kuziopoa kadi za Yugi zilizotupwa na mpinzani melini. Siku hiyo hapakuwa na maneno ‘Ulimwengu wa Vivuli’ ya kuwasaidia. Walilazimika kutafuta maneno mengine, kila mmoja kwa lugha yake.

Na hapa ndipo ninapowageukia wenzangu wa Kiswahili. Siku hizi kuna mazungumzo mengi ya kuvitia vipindi vya watoto sauti za Kiswahili, nami nayaunga mkono. Ila tusikimbilie kutafsiri toleo la Kiingereza kwa kuwa ndilo lililo karibu. Ukitafsiri tafsiri, unarithi woga wa mwenzio bila kujua. Tuwatafute wanaokijua Kijapani. Wapo vijana wetu waliosoma huko na wengine wanaokisoma hapa nyumbani. Waulizwe kila jina linabeba nini kabla halijabadilishwa. Osiris abaki Osiris. Yugi na Jonouchi wabaki na majina yao, na mahali pamoja mapema mhusika mmoja aseme kwamba yakiunganishwa yanazaa urafiki. Sentensi moja inatosha. Kadi ile iitwe Kufufua Wafu, bila kuogopa, ili siku Yugi atakapoifungia sandukuni, mtoto wa Kisumu au Kwale aelewe anachokikataa.

Na mtu akifa katika hadithi, tuseme amefariki. Neno tunalo, lina adabu, na mtoto akiuliza maana yake, aliye karibu naye amjibu.